Jomo Kenyatta na vyungu vya udongo vya watoto



Ukurasa huu wa gazeti letu ni wa maisha ya watu wakubwa waliokufa zamani. Mara nyingi tunaweka wale ambao mtu anaweza kuulizwa juu yao siku ya Ekzeta: vita gani walishinda, mkataba gani walitia sahihi, mwaka gani. Mara hii nimemchagua Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, lakini si kwa ajili ya uhuru wa Kenya. Nimemchagua kwa ajili ya kurasa chache tu alizoandika juu ya michezo ya watoto wadogo, wale ambao hawajafika hata ekole primeri. Sisi wa seksio pedagojia tunaenda kufanya staji kwa watoto wa namna hiyo, na huko tumekuta ubishi mkali ambao umetufuata mpaka darasani. Nitaueleza mbele kidogo. Kwanza mtu mwenyewe.

Hakuna mtu anayejua siku aliyozaliwa Kenyatta. Watu wa kwao hawakuwa na desturi ya kuandika tarehe, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Wanahistoria wanasema ilikuwa katika miaka ya 1890, upande wa Gatundu, nchi ya Wakikuyu. Ni nchi ya vilima, ya baridi asubuhi, ya mashamba yaliyolala juu ya mteremko. Mtu wa Masisi akifika pale hatajiona mgeni sana. Jina lake lilikuwa Kamau. Baba yake Muigai alikufa yeye angali mdogo, na kwa desturi ndugu ya baba, Ngengi, akamchukua mjane Wambui. Ndiyo sababu mtoto akaitwa Kamau wa Ngengi. Kiisha mama naye akafa, nyuma ya kuzaa mtoto mwingine. Yatima huyu akaenda kukaa kwa babu yake, Kungu wa Magana, huko Muthiga.

Huyu babu alikuwa mganga. Najua wengine wataguna: mganga, katika gazeti la shule ya Kiprotestanti! Lakini maisha ya mtu yanasimuliwa namna yalivyokuwa. Kamau alitembea na mzee akimbebea mifuko yake ya kazi, na pale aliona namna watu wanavyoleta magonjwa yao na magomvi yao. Siku zingine alichunga mbuzi na kondoo pamoja na watoto wengine, mbali na macho ya wakubwa. Shule yake ya kwanza, basi, haikuwa na ubao wala kengele. Ilikuwa ni kutazama wakubwa, halafu kuiga.

Mwaka 1909 alijipeleka mwenyewe kwenye misioni ya Kanisa la Scotland, pahali panaitwa Thogoto. Jina hilo lenyewe linachekesha: wanasema ni namna Wakikuyu walivyotamka jina la Waskoti. Pale alijifunza kusoma, Biblia, Kiingereza kidogo, na useremala. Kwa kupata karo alipika na kuosha vyombo kwa mzungu mmoja wa karibu. Mwaka 1914 alibatizwa. Inasemekana alitaka majina mawili, John na Peter, na wamisionari wakamwambia achague moja. Yeye akakumbuka kwamba Petro maana yake ni jiwe, akaliunganisha jiwe na Yohana, akatoka na jina Johnstone. Kwa mtu aliyesoma miaka mitano tu, ile haikuwa akili ndogo.

Miaka ya nyuma ya pale naipita upesi. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alikaa upande wa Wamasai. Alipenda kuvaa mkanda wa shanga, na watu wanasema mkanda ule ndio uliomletea jina Kenyatta. Alioa Grace Wahu, akapata shida na kanisa juu ya ndoa hiyo na juu ya pombe, akaingia kazi katika manispaa ya Nairobi kusoma mita za maji. Mwaka 1928 akawa katibu wa chama cha Wakikuyu na mwandishi wa gazeti lao, Muigwithania. Mwaka 1929 chama kikamtuma London kupeleka malalamiko juu ya mashamba yaliyochukuliwa na wazungu. Alirudi, akaenda tena mwaka 1931, na mara hii alikaa Ulaya miaka kumi na mitano. Alisoma kidogo Birmingham, katika koleji ya Waquaker iitwayo Woodbrooke, akapita Moscow mwaka 1932 na 1933, akarudi London bila pesa.

Sasa nataka tusimame hapa London, maana ndipo habari yetu inapoanza kweli.

Mtu huyu alikuwa anaishi kwa kuhangaika. Alipata pesa kidogo kwa kuwasaidia wataalamu wa lugha wa University College waliotaka kujua sauti za Kikikuyu. Alipata pesa zingine kwa kucheza sinema! Sinema yenyewe iliitwa Sanders of the River, ilitoka mwaka 1935, na mchezaji mkubwa ndani yake alikuwa Mmarekani mweusi Paul Robeson. Kenyatta alikuwa na nafasi ndogo tu, ya kuwa chifu. Kijiji cha Afrika kilijengwa kwa ajili ya picha karibu na mto Thames, na Waafrika waliokuwa wanaishi Uingereza wakalipwa wavae ngozi na kushika mikuki. Robeson aliichukia ile sinema nyuma ya kuiona, maana ilisifu wakoloni. Mimi nafikiri ni jambo la ajabu kidogo: wazungu wazima walijenga vijumba vya kuigiza ili wajionyeshe Afrika wanayoifikiri vichwani, na katikati yao alisimama mtu mmoja aliyejua vijumba vya kweli, na aliyejua pia vile vijumba vidogo ambavyo watoto wa kwao hujenga wakicheza.

Tangu mwaka 1935 hivi alisoma antropolojia katika London School of Economics, chini ya profesa Bronisław Malinowski, Mpolandi aliyejulikana kwa kukaa na watu wa visiwa vya Trobriand na kuandika kila kitu alichoona. Desturi ya darasa lile ilikuwa kila mmoja alete karatasi yake juu ya watu anaowajua, halafu wengine wanamuuliza maswali bila huruma. Wengi waliandika juu ya watu wa mbali waliowatembelea kwa mwaka mmoja au miwili na daftari mkononi. Daftari la Kenyatta lilikuwa utoto wake mwenyewe. Karatasi hizo zikawa kitabu, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Malinowski aliandika utangulizi, na mwandishi akaweka juu ya jalada jina jipya, Jomo, ambalo ndilo limebaki. Wale ambao Kiingereza kinawapiga chenga wajue kwamba kuna kitabu hicho katika Kifaransa tangu mwaka 1960, jina lake Au pied du mont Kenya.

Ndani yake iko sura moja juu ya malezi namna yalivyokuwa mbele ya wazungu kuja. Wakati ule wazungu wengi walisema kwamba Mwafrika hakuwa na elimu mpaka misioni ilipofungua mlango. Kenyatta alijibu kwa njia ambayo sisi wa pedagojia tunapaswa kuipenda: hakupiga kelele, alieleza tu kazi inavyofanyika. Anaanza na mama anayemwimbia mtoto mchanga. Katika nyimbo zile za kumbembeleza kuna historia ya jamaa na ya kabila, kwa hiyo mtoto anaisikia kabla hajajua kusema. Kiisha mtoto anaanza kutembea, na hapo anakuja kwenye michezo.

Anaeleza kwamba watoto wadogo karibu kila kitu wanachocheza ni kuiga wakubwa. Wavulana wanajifanya askari wa kabila: wana mikuki midogo ya mti, ngao za maganda ya mgomba, pinde na mishale, kombeo na mawe, wanapigana mweleka na kukimbizana. Wasichana wanasuka vikapu vya majani, wanasaga, wanafinyanga vyungu vidogo vya udongo, na ndani ya vyungu wanapika chakula ambacho hakipo. Kwake yeye, yote haya ni majaribio ya kazi itakayokuja. Mtoto anajizoeza mambo ya ukubwa wakati ambapo kukosea hakumuui mtu. Chungu kikipasuka, ni udongo tu.

Halafu anaonyesha namna mchezo unavyogeuka kazi pole pole, bila ukuta katikati. Baba mkulima anampa mwanawe fimbo ndogo ya kulimia na kumwachia pahali padogo, naye mtoto anachimba kando yake akijifanya mkulima. Mwaka unapita, miwili inapita, kumbe ni mkulima kweli. Mtoto wa mfugaji anafundishwa kuwatambua wanyama kwa rangi, kwa ukubwa, kwa namna ya pembe. Halafu wanachanganya makundi ya jamaa mbili tatu, na mtoto anaambiwa atoe wa kwao. Ni mtihani huo, wandugu! Na haukuandikwa juu ya karatasi. Jioni kuna vitendawili na hadithi, na mtoto anayekosa jibu anachekwa kidogo, lakini hapigwi.

Jambo moja katika sura hiyo limenikaa kichwani. Kenyatta anasema shule ya kizungu inamfundisha mtoto vitu peke yake, mbali na watu, kumbe malezi ya kwao yalimfundisha mtoto kitu na mtu pamoja. Msichana anayefinyanga chungu cha mchezo hafinyangi chungu tu. Anajifanya mama, mwenzake anajifanya mgeni, mwingine ni mtoto anayelia njaa, na lazima ajue namna ya kuongea na kila mmoja. Mfano huu wa mgeni na mtoto wa njaa ni wangu, si wake, maana nimeuona kwetu kila siku. Lakini maana ni ileile.

Kwa mawazo haya Kenyatta hakuwa peke yake. Mjerumani Karl Groos alikuwa ameandika kitabu mwaka 1896 juu ya michezo ya wanyama na kingine mwaka 1899 juu ya michezo ya watu, akisema kwamba paka mdogo anayerukia jani anajifunza kukamata panya. Katika Urusi mtu mwingine, Lev Vygotsky, alitoa somo Leningrad mwaka 1933 juu ya michezo ya watoto. Mwaka uliofuata akafa kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 37, na somo lile halikuchapishwa mpaka mwaka 1966. Vygotsky aliona jambo ambalo Groos hakuliona sana. Mtoto anayepanda fimbo na kuiita farasi amefanya kazi kubwa ya akili: ametenganisha kitu na maana ya kitu. Jicho linaona fimbo, kichwa kinaona farasi. Bila hatua hiyo, herufi tunazoandika ubaoni zitabaki mikwaruzo ya chaki tu. Tena aliona kwamba mchezo wa kujifanya hauko bila sheria. Anayejifanya mama lazima afanye mambo ya mama, hata kama anatamani kukimbia.

Mwaka 1948 mtafiti Mrusi, Manuilenko, alijaribu jambo hilo. Aliwataka watoto wadogo wasimame bila kutikisika. Walipoambiwa wasimame tu, walichoka upesi. Walipopewa kazi hiyo ndani ya mchezo, wakijifanya askari wa zamu, walisimama muda mrefu zaidi. Walimu wa darasa la kwanza wanaolalamika kwamba watoto hawatulii wasome sentensi hiyo mara mbili.

Sasa nirudi kwetu, na kwenye ule ubishi.

Mtoto wa Masisi au wa Walikale hana vitu vya kuchezea vya dukani, lakini nani atasema hachezi? Anafunga maganda ya migomba na kamba, anapata mpira. Anachonga chukudu ndogo yenye magurudumu ya mti, anaipakia vijiti viwili vitatu, anaisukuma kwa kelele nyingi akishuka kilima, naye anasema amebeba viazi vya kupeleka Sake. Anakata waya wa zamani, anatoa gari. Msichana anafunga gunzi la hindi mgongoni kwa kipande cha kitenge, anapika sombe ya majani ya njiani ndani ya kopo la nyanya. Mtu aliyesoma sura ile ya Kenyatta anaona kwamba London mwaka 1938 mtu alikuwa ameandika juu ya wadogo zetu bila kuwajua.

Lakini kuna michezo mingine. Tangu ile vita iliyoanzia Ntoto, katika Walikale, mwaka 1993, watoto wengi wa hapa wamekua wakisikia risasi, wakikimbia, wakilala kambini, wakirudi, wakikimbia tena. Na wanaiga. Pahali nilipofanya staji, wakati wa mapumziko watoto wa miaka minne na mitano walivuta kamba ya mgomba kukata njia, wawili wakasimama na vijiti mabegani, na kila anayepita alilazimishwa kutoa majani, maana majani ni franka. Asiyetoa aliwekwa chini. Upande mwingine wasichana walifunga vifurushi, wakaweka vichwani, wakamshika mwenzao mdogo mkono, wakakimbia mpaka nyuma ya vyoo. Pale wakatandika majani ya mgomba, wakasema wamefika kambini, na mmoja akaanza kuita majina kwa kugawa chakula.

Ubishi ni huu. Mwalimu mmoja aliwachapa na kuchoma vijiti vyao, akisema tukiacha hivi tunalea basoda wa kesho. Wanafunzi wenzangu wengi wanamuunga mkono, na sababu yao si ya kudharau: kama mchezo ni majaribio ya kazi ya ukubwa, kama anavyosema Kenyatta, basi mtoto anayejaribu barieri anajiandaa kwa barieri. Wengine wanasema ni mchezo tu, hauna maana, waacheni.

Mimi naona pande zote mbili hazijamsoma Kenyatta mpaka chini. Wale wa pili wanakosa kabisa. Mchezo wa kuiga una maana kuliko somo nyingi tunazoandika kwenye daftari. Wale wa kwanza wameshika nusu. Watoto wa Wakikuyu nao walicheza vita, kila siku, kwa mikuki na ngao, na wazee hawakuchoma ngao zao. Kwa nini? Kwa sababu kando ya mchezo walikuwako wakubwa wenye kazi zingine nyingi za kuigwa, na mbele yake kulikuwa na sheria za rika na za wazee zilizosema mkuki unainuliwa lini na juu ya nani. Mtoto haitungi dunia. Anaipokea na kuichezea. Ukimchapa kwa sababu amecheza barieri, umemchapa kwa ajili ya kitu alichokiona kwetu sisi wakubwa.

Tena kuna jambo la kutazama kwa makini. Wale wasichana waliokimbia na vifurushi hawakuishia kwenye kukimbia. Walifika. Kila siku mchezo wao ulifika pahali, wakatandika, wakapika, mtoto mdogo akalazwa. Mimi si daktari wa mambo ya moyo, lakini naona katika mchezo ule mtoto anashika mkononi jambo ambalo siku ya kweli lilimshika yeye. Siku ya kweli alibebwa. Katika mchezo yeye ndiye anaamua njia. Na hata wale wa barieri, siku nilipoomba kupita nikajifanya mwenye chukudu aliyebeba mgonjwa, walinong'onezana kidogo halafu wakainua kamba bila kunidai jani. Kesho yake mmoja wao alikuwa muuguzi, na kijiti cha bunduki kikawa sindano.

Narudi kwa Kenyatta, maana maisha yake hayakuishia katika kitabu. Wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa mfanyakazi wa shamba Storrington, kusini ya Uingereza, na mwaka 1942 akamwoa mwalimu Edna Clarke. Mwaka 1945 alikuwa Manchester katika mkutano mkubwa wa Waafrika. Mwaka 1946 alirudi Kenya, na kazi aliyoshika pale, watu wengi wanaisahau, ilikuwa ya shule. Mwaka 1947 akawa mkuu wa koleji ya walimu ya Githunguri, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Peter Mbiyu Koinange, ambayo wananchi wenyewe waliichangia kwa sababu walitaka walimu wasiomkata mtoto na watu wake. Ni mtu mmoja huyo: yule wa sura ya michezo ndiye aliyetaka kufundisha walimu. Hakupata muda. Mwaka huohuo akawa rais wa chama cha KAU. Tarehe 20 mwezi wa kumi 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari juu ya Mau Mau, akakamatwa usiku. Koleji ya Githunguri ikafungwa.

Alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953, miaka saba ya kazi ngumu, kwa kosa la kuongoza Mau Mau ambalo wanahistoria wengi hawaliamini. Alipelekwa Lokitaung, katika jangwa la kaskazini. Kwa kuwa alikuwa mzee kuliko wenzake, walimpa kazi ya kuwapikia, na hivi yule aliyeanza katika jiko la mzungu akarudi jikoni akiwa mfungwa. Alifunguliwa mwaka 1961. Mwaka 1963 akawa waziri mkuu, na tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili ya mwaka huo Kenya ikapata uhuru. Mwaka 1964 akawa Rais.

Juu ya utawala wake sitapamba. Jamaa yake na rafiki zake walijipatia mashamba makubwa, wakati watu wengi waliopigania udongo walibaki bila udongo. Aliachana na Oginga Odinga mwaka 1966, akamfunga mwaka 1969. Tom Mboya aliuawa mwaka huohuo 1969, na J. M. Kariuki mwaka 1975, na mpaka leo watu wanauliza maswali. Mtu aweza kuandika vizuri juu ya watoto na bado kuwaachia watoto hao nchi yenye magomvi. Lakini iweke pia kwenye mizani kwamba kwa neno lake harambee wazazi wa Kenya walijenga shule nyingi kwa mikono yao, na kati yake zilikuwa shule za watoto wadogo kabisa, chini ya miti na katika majumba ya kanisa, mahali ambapo serikali haikuwa na franka hata moja ya kutoa. Alikufa Mombasa tarehe 22 mwezi wa nane 1978.

Nchi yetu, wakati ule Zaire, ilikubali mwaka 1990 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989 juu ya haki za mtoto, na kifungu cha 31 kinataja mchezo kati ya haki hizo. Nataja hiyo kwa wale wanaosema kwamba kuwaachia watoto nafasi ya kucheza ni uvivu wa mwalimu.

Juu ya ubishi wetu, mimi nimesema ninavyoona, na anayeona namna ingine ana ukurasa wa nyuma wa gazeti hili. Aandike, doyen hatamkata. Kwa walio na staji katika trimestre inayokuja nina ombi moja tu. Tukienda, tusiende na chaki peke yake. Udongo wa kufinyanga uko ukingoni mwa mto chini ya shule, ni wa bure. Maganda ya mgomba yako kila shamba, ombeni kwa adabu kwa mwenye shamba. Makopo ya nyanya mama wa jikoni amekubali kuyaweka kando, yaoshwe tu na midomo yake ipigwe nyundo yasikate vidole. Na wakianza kuvuta kamba njiani, mmoja wetu ajipange foleni upande wa pili akiwa na mgonjwa, au na harusi, au na mzigo wa viazi, aombe kupita, tuone watafanya nini.

Doyen wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, seksio pedagojia